Vumbi jeusi la Ruangwa: tunachokiona si ndicho cha kuogopa zaidi

Wiki hii naanza na swali la mama mmoja. Alikuja kliniki na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu. Nyumbani ni Nachingwea, lakini kijana anafanya kazi upande wa Ruangwa, kwenye mawe ya kinywe. Baada ya shikamoo na marahaba, mama alifungua fundo la kanga akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na makohozi meusi.

"Dokta," akasema, "hiki ni kinywe, au ni moshi wa jikoni kwangu? Maana huyu analala chumba cha uani, na mimi napikia kuni ukutani kwake."

Kijana aliona haya. Mimi nilikaa kimya kidogo, kwa sababu swali lilikuwa zuri na jibu sikuwa nalo. Hadubini ya hospitali zetu ingenionyesha punje nyeusi, basi. Isingeniambia punje ile imetoka kwenye mwamba au kwenye figa. Zaidi ya hapo, isingeniambia kama pembeni ya weusi ule kuna punje nyingine isiyo na rangi, ambayo ndiyo hasa inayonitia wasiwasi.

Kipo chombo kinachoweza kujibu swali la mama huyu, na nitakieleza. Lakini kwanza tuelewane kuhusu vumbi lenyewe.

Kilichomo ndani ya vumbi

Wilaya ya Ruangwa imekalia akiba kubwa ya kinywe, yale madini meusi, laini, yanayoteleza mkononi, yaleyale yaliyomo ndani ya penseli. Leo dunia inayataka kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Miradi ya Lindi Jumbo, Nachu na Chilalo yote iko huko, kila mmoja katika hatua yake. Aprili 2023 Serikali ilisaini mikataba na kampuni tatu za Australia, na mmoja wa mikataba hiyo ulihusu kinywe cha Chilalo. Jirani zao wa Nachingwea wana mradi wa nikeli wa kilima cha Ntaka. Kwa vijana wa Kusini waliozoea kusubiri msimu wa korosho, hii ni habari njema, na sitaki mtu asome safu hii akadhani napinga ajira.

Ila mwamba wa kinywe si kinywe kitupu. Hata mwamba unaosifiwa kuwa tajiri, sehemu kubwa yake ni mawe mengine. Mengi ya mawe hayo yana kwarzi, lile jiwe gumu jeupe linalong'aa kama kioo, ambalo wachimbaji wa dhahabu wanalijua sana kwa sababu dhahabu hupenda kukaa humo. Kwarzi ni silika. Mwamba ukitobolewa, ukilipuliwa au ukipitishwa kwenye karasha, vyote viwili huruka pamoja. Kinywe hukuchafua uso, ukajiona kwenye kioo na kucheka. Silika huioni.

Tofauti ya hatari yake ni kubwa. Chama cha wataalamu wa usafi wa mazingira ya kazi cha Marekani, ambacho viwango vyake hutumika katika nchi nyingi, kinapendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya miligramu 2 za vumbi laini la kinywe katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Kwa silika, kiwango hichohicho ni miligramu 0.025. Yaani silika imewekewa kikomo kilicho chini mara 80.

Kinywe nacho si poda ya mtoto. Kikivutwa kwa wingi kwa miaka mingi huleta makovu na kikohozi. Lakini silika ni muuaji wa aina nyingine. Punje zake ndogo, zinazoingia mara nyingi kwenye upana wa unywele mmoja, hufika mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko askari wa mwili huzimeza wakidhani ni vijidudu. Punje hazimeng'enyeki. Askari hufa na kumwaga kemikali zake, mwingine huja kumeza punje ileile, naye hufa. Kila mahali wanapofia hubaki kovu. Makovu yakikusanyika, pafu hukakamaa. Huu ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Anayeugua yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika inayovutwa kwenye kundi la vitu ambavyo kwa hakika husababisha saratani kwa binadamu.

Kwa kawaida silikosisi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa zito sana, huweza kuja mapema zaidi. Kumbuka muda huo wa miaka 10, maana nitaurudia.

Mirerani wametutangulia

Kuna mtu atasema, dokta, hayo ni mambo ya Ulaya. Hapana. Mirerani, kule Simanjiro, tanzanaiti hukaa ndani ya miamba yenye kinywe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha watafiti wa Norway na wa Tanzania, uliwavalisha wachimbaji wadogo vifaa vya kukusanya vumbi kwa siku tatu za kazi ya kutoboa, kulipua na kuzoa mawe. Watafiti walipima vumbi lote, kisha wakapima kando kwarzi na ile sehemu ya vumbi inayoweza kuungua, ambayo kwenye miamba ya namna ile ni kinywe. Vumbi lilikuwa jingi kupita kiasi, na walionya kuhusu hatari ya silikosisi. Miaka iliyofuata, hospitali ya Kibong'oto iliyoko Siha, Kilimanjaro, imekuwa ikiwahudumia na kuwachunguza wachimbaji wa Mirerani wenye silikosisi na kifua kikuu.

Kwa hiyo tunajua tayari vumbi jeusi la kwetu linaweza kubeba nini. Ruangwa ina bahati moja ambayo wachimbaji wa kwanza wa Mirerani hawakuwa nayo: inaanza ikiwa imeshaambiwa.

Chombo chenye mianga miwili

Sasa turudi kwenye swali la mama. Tarehe 28 Februari 1928, huko Kolkata nchini India, mwanasayansi C. V. Raman alionyesha jambo dogo lililompatia tuzo ya Nobel mwaka 1930. Ukimulika kitu kwa mwanga wa rangi moja, karibu mwanga wote hurudi na rangi ileile. Chembe chache sana za mwanga, kama moja katika milioni kumi au pungufu ya hapo, hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, kwa sababu zimeachia nguvu kidogo kwenye mtikisiko wa kile kitu. Kila kitu hutikisika kwa namna yake. Ni kama ngoma: hata ukiwa nyuma ya nyumba, utaitambua ipi ni ngoma ndogo na ipi ni kubwa kwa mlio wake.

Chukua leza, iunganishe na hadubini, na unaweza kuuliza punje moja moja ya vumbi jina lake. Kwarzi hujibu kwa kilele kikali kwenye namba 464. Kinywe hujibu kwenye 1580. Hazifanani, hazichanganyiki. Maabara ya usalama kazini ya Uingereza iliyoko Buxton imeijaribu njia hii kwa kupima silika, hata katika mvuke wa pumzi ya wafanyakazi.

Shida huanza punje inapokuwa ndani ya makohozi au kipande cha pafu. Ukimulika kwa leza ya kawaida ya kijani, vitu vya mwili navyo hung'aa, na mng'ao huo hufunika ile sauti ndogo unayoitafuta. Ni kama kumsikiliza mgonjwa ananong'ona huku spika ya harusi inapiga jirani. Hapo ndipo wataalamu huongeza leza ya pili, ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa jicho ambao pia umo ndani ya miale ya jua. Leza ya urujuanimno yenye wimbi fupi sana, chini ya nanomita 250 hivi, hutoa majibu yake katika eneo ambalo mng'ao bado haujaanza. Tena huzifanya protini na vinasaba vya seli vijitokeze wazi. Leza ya kijani inakutajia jiwe, ya urujuanimno inakuonyesha nyama iliyolizunguka. Ukiweka picha mbili pamoja, unajua punje ni ya nini na imekaa wapi.

Na kuna faida ya pili, inayomhusu mama wa Nachingwea moja kwa moja. Masizi ya kuni na kinywe vyote ni kaboni. Tofauti yake ni mpangilio. Kinywe kimepangwa vizuri, karatasi juu ya karatasi. Masizi yamevurugika, kama nguo zilizorundikwa kitandani. Kaboni iliyovurugika hutoa kilele cha pili kipana kwenye 1350 hivi, na kadiri ilivyovurugika zaidi ndivyo vilele vyake vinavyobadilika zaidi unapobadilisha rangi ya leza. Kwa hiyo ukiiuliza punje nyeusi kwa mwanga wa kijani, kisha ukaiuliza tena kwa urujuanimno, ni kama kumhoji shahidi mara mbili: masizi hubadili maelezo, kinywe kizuri hukaa karibu na yaleyale.

Msidhani chombo hiki ni muujiza. Urujuanimno una nguvu, unaweza kuiunguza sampuli ukiwa unaitazama. Lenzi za kioo cha kawaida haziupitishi, zinahitajika maalumu. Kinywe kilichosagwa sana nacho huvurugika, kikaanza kufanana kidogo na masizi. Na kazi ya kuuliza punje moja moja ni ya polepole. Ndiyo maana katika kazi za kila siku, silika kwenye vumbi la migodini hupimwa kwa njia nyingine, kwa mionzi ya eksirei au kwa mwanga wa infraredi, kwenye chujio lililovaliwa na mfanyakazi. Njia hizo zinatosha kabisa kwa kulinda afya. Leza mbili ni kwa pale penye ubishi: hii nyeusi ni ya nani?

Na usisahau hili: chombo hiki ni cha maabara, hutazama vumbi au kipande kilichotolewa mwilini. Hakiingizwi kifuani. Akija mtu na mashine ya leza akidai inapima au inasafisha mapafu ya wachimbaji, shika pesa zako.

Ubishi utakuja baada ya miaka

Kwa nini basi nawachosha na leza ambayo hospitali zenu hazina? Kwa sababu ubishi hautakuja leo. Utakuja baada ya ile miaka 10 au 20, kijana wa leo akiwa na watoto watatu na hawezi kupanda mwinuko bila kupumzika. Mwajiri atasema ni sigara. Mwingine atasema ni moshi wa jikoni, au salfa ya mikorosho. Na kampuni iliyomwajiri inaweza kuwa imeshauzwa mara mbili.

Afrika Kusini walipita njia hiyo. Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kati ya kampuni za dhahabu na wachimbaji waliougua silikosisi au kifua kikuu kwa sababu ya kazi, pamoja na familia za waliokufa. Yanahusu waliofanya kazi tangu Machi 1965. Fikiria: mtu aliyevuta vumbi akiwa kijana, malipo yanakuja yeye akiwa babu au marehemu, na kazi kubwa ikawa kuwatafuta watu hao nchi kwa nchi na kupata kumbukumbu za nani alifanya kazi wapi, lini.

Somo lake kwetu ni dogo na la gharama nafuu. Silika haiozi. Chujio la vumbi lililokusanywa mwaka huu, likaandikwa tarehe, sehemu na kazi iliyokuwa ikifanyika, kisha likafungwa vizuri na kuwekwa kabatini pakavu, litaweza kuulizwa miaka 20 ijayo kwa mashine yoyote itakayokuwepo, yenye mianga miwili au kumi. Lakini hakuna mashine itakayosoma vumbi ambalo hakuna aliyelikusanya. Teknolojia tunaweza kuisubiri. Sampuli hatuwezi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka wafanyakazi wa kazi hatarishi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya 2008 na unashughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali pekee. Tatizo ni kwamba mlango wa mfuko huo ni ajira rasmi. Kijana anayesaga mawe kwa siku, bila mkataba, hana jina popote. Kwake yeye, maoni yangu ni kwamba halmashauri na Tume ya Madini wanapotoa leseni kwa wachimbaji wadogo na wenye makarasha, waulize pia juu ya maji ya kuzuia vumbi na orodha ya wafanyakazi. Na migodi mikubwa inapopima vumbi, majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha ya kijiji, na sehemu ya sampuli ihifadhiwe nje ya mikono ya mwenye mgodi.

Wewe unayesoma ufanye nini

Kwanza, maji. Kutoboa na kusaga mawe yakiwa yamelowa hupunguza vumbi kuliko barakoa yoyote. Barakoa ni kinga ya mwisho, na iwe ile ya kuchuja vumbi laini, N95 au FFP2, inayobana usoni. Kitambaa na barakoa ya upasuaji havizuii silika.

Pili, nguo za kazi zibaki kazini. Ikishindikana, zisikung'utwe uani. Zilowekwe kwanza, ndipo zifuliwe, na watoto wasiwe karibu. Mama anayekung'uta ovaroli ya mumewe kila jioni naye anavuta sehemu ya mgodi. Karasha lisiwekwe karibu na nyumba, na mtoto asipelekwe hapo hata kushinda tu.

Tatu, jikoni. Mama yule alikuwa na haki ya kujiuliza. Moshi wa kuni huumiza mapafu, hasa ya watoto wadogo, na unazidisha madhara ya vumbi. Kama gesi haijawezekana, toa jiko nje au fungua pa kutokea moshi, na usipikie ukutani mwa chumba cha kulala.

Nne, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu: nenda kapime kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure katika vituo vya umma. Kwa mtoto, kutoongezeka uzito na kikohozi kisichokoma vinatosha kumleta. Makohozi meusi peke yake si hukumu ya kifo, lakini ni taarifa kwamba unavuta kitu.

Tano, na hili halina gharama. Nunua daftari. Andika ulianza kazi lini, wapi, kwa nani, ulikuwa unafanya nini, kwa saa ngapi, palikuwa na maji au hapana. Hifadhi picha yako ya kwanza ya eksirei ya kifua, ikiwezekana ile ya kabla hujaanza. Daktari anapokuuliza kazi yako usijibu "mishemishe". Silikosisi hutambuliwa kwa picha ya kifua pamoja na historia ya kazi. Bila historia, tunaweza kuona makovu tukadhani ni kifua kikuu, tukakupa dawa za miezi sita zisizohusika.

Kijana wa Nachingwea tulimpima. Kifua kikuu hakikuonekana, na picha ya kifua ilikuwa safi. Nilimweleza mama kwamba siwezi kumwambia weusi ule ni wa nani, lakini sihitaji kujua hilo ili nimkinge mwanawe na vyote viwili. Jiko lihame ukutani, na kijana adai maji na barakoa kazini. Kijana akauliza kama aache kazi. Nikamwambia siwezi kumlisha, kwa hiyo siwezi kumwamulia. Ninachoweza ni kuandika.

Nikachukua daftari lake la kliniki nikaandika tarehe, mahali anapofanyia kazi, aina ya kazi, na maneno "picha ya kifua ya kwanza, safi". Nikamwambia mama alitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akalifunga ndani ya kanga, palepale ilipokuwa ile karatasi.